FAST Yangu Haichuji

Mjukuu wangu ameniwekea daftari mezani kama mtu anayemtupia kuku punje, akaenda zake akijua nitadonoa. "Bibi, andika ile ya mablanketi mekundu." Ile ya mablanketi mekundu nimeisimulia mpaka watoto wa jirani wanaicheza uani, mmoja anakuwa mimi, mwingine anakuwa mashine. Ya nini tena kuiandika? Kalamu naishika kama mwiko, na mstari mmoja unanichukua muda wa kufua mashuka mawili. Lakini nimesikia kule kazini wapo wanaosema eti siku ile nilibahatisha. Nilibahatisha! Haya, sogezeni taa.

Mimi ni dobi. Nimekuwa dobi wa hospitali miaka thelathini na moja, na katika hiyo, ishirini na sita nimesimama mbele ya mashine namba mbili, ile yenye mlango wa duara wa kioo, inayonguruma kama mtu mzima anayekataa kuamshwa. Mashuka ya wagonjwa wote wa mji mzima yamepita mikononi mwangu. Damu naijua kuliko daktari, maana daktari anaiona inapotoka, mimi napambana nayo ikishakataa kutoka.

Shule nilisoma madarasa mawili na robo. Robo ni kwa sababu nikiwa darasa la tatu mama alijifungua mapacha, na mapacha hawajui muhula. Kwa hiyo nasoma herufi kubwa, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Hizi ndogo zinanikimbia. Na Kiingereza sikupewa. Nina neno moja tu la Kiingereza, na hilo nililipata kabla sijaolewa, kwenye kiwanda cha kutia nguo rangi.

Mkubwa wetu kiwandani tulimwita Mama Nili, kwa kuwa mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya mapipa ya rangi.

"Unasoma?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo kinatosha. Tazama hapa." Akaweka kidole chake cha buluu kwenye pipa. FAST. "Ya kwanza ni ufunguo wa meno mawili. Ya pili ngazi iliyopanua miguu. Ya tatu mnyoo. Ya nne nguzo ya kuanikia nguo. Ukiviona vinne hivi vimepangana hivi, rangi hiyo imeshika. Ichemshe, isugue, itukane, haitoki. Lakini ukiona mbele yake wamesimama watatu, kitanda kilichovunjika, yai na nguzo tena, basi rangi hiyo ni mgeni tu. Itaaga kwenye maji ya kwanza."

"Na nikiwa sina uhakika?"

"Ulimi unao?" Akashika ncha ya kitambaa, akailowesha kwa mate, akaisugua kwenye kitambaa cheupe alichojifunga kiunoni. "Herufi zinaandikwa na watu, na watu wanadanganya. Mate hayajui kudanganya."

Hilo ndilo neno langu. Nililibeba kama mtu anavyobeba ufunguo wa nyumba yake, sikuwa na haja ya funguo za nyumba za watu.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikaingia udobi. Siku moja mume wangu akashikwa na tumbo, akalazwa hospitali hiyohiyo, wodi ya juu. Jioni nikapanda kumwona. Nafika, naona juu ya kitanda wametundika kibao: ufunguo, ngazi, mnyoo, nguzo. FAST! Peke yake, bila kitanda kilichovunjika mbele.

Nikafurahi, nisikufiche. Nikamwambia, "Mume wangu, madaktari wamekupima wakakuona hutoki rangi."

"Wamesema hivyo?"

"Wameandika, na kibao kiko juu ya kichwa chako. Wewe ni wa kudumu." Na kwa furaha ile nikamfungulia chupa ya uji. Mwanamume wa watu akanywa vikombe viwili, akalamba na mfuniko.

Asubuhi wakaja kumchukua kwa upasuaji. Nesi mmoja, msichana mwembamba mwenye sauti ya filimbi, akaiona chupa.

"Nani amempa huyu mgonjwa uji?"

"Mimi, mkewe."

"Na kibao hukukiona?"

"Nimekiona, mwanangu, ndiyo maana nikampa."

Alinitazama kama anayetafuta pa kuanzia. Kumbe kwao neno lile linasema mgonjwa asile wala asinywe! Upasuaji ukasogezwa kesho yake, mume wangu akashinda na njaa akinitazama kwa jicho la pembeni. Alipona. Lakini mpaka anaingia kaburini, kila nikimletea chakula alikuwa akiuliza, "Leo nimeshika rangi au sijashika?"

Basi nikajua neno langu lina mume mwingine mahali. Sikuliacha kwa hilo. Mama Nili hakunidanganya.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu tulipoletewa msimamizi mpya wa udobi. Kijana msafi, koti jeupe, kalamu mbili mfukoni, cheti chake kakitundika ukutani kabla hata hajajua choo kiko wapi. Tukamwita Bwana Lebo, kwa sababu wiki ya kwanza tu alibandika tangazo: ASIYESOMA LEBO ASIGUSE MASHINE. Mwisho wa mwezi tungepewa mtihani, na lebo zote ni za Kiingereza. Atakayeshindwa anapelekwa chumba cha kuchambua nguo chafu, akae huko mpaka siku yake ya kuaga.

Chumba kile hakina dirisha. Sikatai kazi chafu, nimezaa watoto sita. Lakini mashine namba mbili nilikuwa naijua inapokohoa. Nilijua ikitetemeka upande wa kushoto imelemewa, ikilia nyembamba ina kifungo cha mtu tumboni. Kuniondoa pale, nikakae gizani kama ndoo iliyotoboka! Nililala nayo rohoni, nikaamka nayo. Kila mtu alijua: Bibi anashindwa mtihani, Bibi anaondoka namba mbili.

Haukufika hata mwisho wa mwezi. Ilikuwa asubuhi, wodi mpya ya watoto inafunguliwa kesho yake, wakaleta marobota sita ya mablanketi mekundu, mapya, yako ndani ya nailoni. Kila blanketi lina kitambaa kidogo kimeshonwa pembeni. Nikavaa miwani. Kitanda kilichovunjika, yai, nguzo. Halafu ufunguo, ngazi, mnyoo, nguzo. NOT FAST.

Bwana Lebo akaja, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma wosia.

"Hapa wameandika si haraka. Maana yake yaoshwe kwa mzunguko wa polepole. Yachanganyeni na mashuka meupe ya chumba cha upasuaji, tuokoe maji."

"Baba," nikasema, "hiyo haisemi haraka. Hiyo inasema rangi."

"Mama, rangi kwa Kiingereza ina neno lake, na silo hili."

"Sikusema neno hili ndilo rangi. Nimesema linaisengenya rangi. Hii itatoka."

Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "FAST ni haraka. Hata watoto wa chekechea wanajua. Gari linaenda FAST. Wewe unasema gari limeshika rangi?"

Wenzangu wakaangua kicheko, isipokuwa shoga yangu wa kwenye pasi, ambaye tulimwita Kicheko kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Yeye akaninong'oneza, "Bibi, mwache. Mdomo wako utakupeleka kwenye nguo chafu kabla ya mtihani."

Nikachukua blanketi, nikalowesha pembe yake kwa mate, nikaisugua kwenye aproni yangu. Ikaacha alama nyekundu kama kidole kilichokatwa. Nikamwonesha.

"Vumbi," akasema.

"Vumbi limeingiaje ndani ya nailoni? Lilinunua tiketi?"

"Mama, wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La pili na robo."

"Mimi nina cheti."

"Basi kiloweshe hicho cheti tuone kama wino wake umeshika."

Hapo nilivuka mpaka, najua. Bwana Lebo akawa mwekundu kuliko blanketi. "Pakia mashine," akasema.

"Sipakii."

"Nitaandika barua."

"Andika. Kalamu unazo mbili."

Akapakia mwenyewe. Akajaza mablanketi, akachukua mashuka meupe kumi na mawili kwenye toroli la karibu, akayatupa ndani. Alipogeukia toroli la pili, lile kubwa lenye mashuka themanini ya upasuaji, alinikuta nimeshakaa juu yake. Nimekaa, miguu inaning'inia, mikono nimekunja. Mimi si mwembamba. Alivuta toroli, toroli likakataa.

"Shuka, mama."

"Mashuka haya yanalaliwa na watu waliopasuliwa. Hayatoki hapa bila mimi."

Basi kwa hasira akavua koti lake jeupe, jipya, lenye jina la kazi yake limedariziwa kifuani, akalishindilia ndani pamoja na mablanketi. "Nitawaonesha mfano!" Kalamu alizitoa kwanza; ujinga wake haukufika huko. Akafunga mlango, akabonyeza polepole, akatoka kwenda kunishtaki.

Akarudi na Sista Mkuu. Na kwa kuwa alihofia mlango wa mashine nimeuharibu kwa makusudi, akamleta na fundi wa mitambo, mzee mmoja mwenye spana kila mfuko. Sista Mkuu alikuwa mwanamke mwembamba. Sauti ya filimbi. Ndiyo, yuleyule wa uji, sasa ana mvi na miwani ya kamba. Akanikuta nimekaa juu ya toroli kama malkia asiyetakiwa.

"Kuna nini, Bibi?"

Bwana Lebo akanitangulia. "Huyu hasomi, Sista. Hajui Kiingereza, amekataa amri, na amekalia mali ya hospitali. Naomba leo hii aondolewe mashineni."

"Lebo inasemaje?" akauliza Sista.

Bwana Lebo akampa blanketi moja kati ya yaliyobaki. Sista akasoma, akakunja uso. "NOT FAST. Huku wodini neno hili tunaliandika juu ya kitanda. Ni mgonjwa kufunga, asile."

"Blanketi lisile?" akauliza Bwana Lebo.

"Hapa limekanushwa. Labda... blanketi liruhusiwe kula." Akajikohoza. Alijua mwenyewe haikukaa sawa.

Fundi akasogea, akalisoma kwa mbali kama mwenye kuogopa kuumwa. "Samahani, Sista. Kwenye mnyororo wangu wa kuinulia mitambo limeandikwa neno hilihili. Maana yake funga, kaza barabara, kisicheze."

"Mablanketi yasikazwe?"

"Mimi nasema la mnyororo. La blanketi siliwezi."

Wakaanza. Huyu anasema haraka, huyu anasema asile, huyu anasema kaza. Watu watatu waliosoma, neno moja, na kila mmoja ana lake mkononi, anamwona mwenzake kaokota takataka. Mashine nyuma yao inazunguka, polepole kama ilivyoamriwa. Mimi niko juu ya toroli, nakitazama kioo.

Povu lilikuwa jeupe. Halafu likawa kama maziwa yaliyodondokewa na tone la damu. Nikanyamaza. Mtu akiwa anaharibikiwa na kesi yake mwenyewe, usimkatize.

"Na wewe, Bibi?" Sista akanigeukia. "Wewe unasemaje?"

Nikashuka. Polepole, magoti yangu nayo yana mzunguko wake. Nikasema hivi, na nayaandika kama nilivyoyasema, asije mtu akaniongezea:

"Wote mmesema kweli, ila mnashika mkia mnadhani ni ng'ombe. Fundi, mnyororo ukishafungwa hautoki. Sista, mgonjwa akifunga, mdomo umeshikwa, chakula hakiingii. Na kiwandani kwetu, rangi ikifungwa kwenye uzi, haichuji. Neno ni hilohilo moja: kushika, kisitoke. Nyumba moja, watoto watatu. Hiyo ya haraka ya bwana mkubwa ndiyo mtoto aliyetoroka kwao, anakimbia barabarani, na yeye kwa kuwa ndiye anayeonekana mjini, mnadhani nyumba nzima ni yake. Lebo hii inasema rangi haijafungwa. Itatoka."

Fundi akapiga spana kwenye kiganja. "Haa!"

"Wala tusiwacheke wenye Kiingereza chao," nikaendelea, maana nikishaanza sina breki. "Sisi wenyewe tunafunga mlango, tunafunga ndoa, tunafunga safari, tunafunga goli, na tunafunga kula. Mgeni akituuliza kufunga ni nini, tutamjibu lipi? Atajibiwa kwa kutazama mwenye neno ameshika nini mkononi. Mwenye mpira ni goli. Mwenye blanketi ni rangi."

Bwana Lebo akasema, "Hizo ni hadithi, Sista. Ushahidi uko wapi?"

Hapo ikasikika sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia mle ndani. Ilianza kama birika linalochemka, ikapanda, ikapasuka. Kicheko anacheka! Ameshika pasi kwa mkono mmoja, mkono mwingine ameunyoosha kuelekea kioo, machozi yanamtoka.

Tukageuka wote. Ndani ya namba mbili hapakuwa na povu tena. Palikuwa na machweo. Mashuka kumi na mawili yalikuwa yanapita mbele ya kioo, mekundu kwa zamu, na katikati yao likapita koti, mkono mmoja umeinuka juu, kama mtu anayeomba msaada wa kuvuka.

Tukaisubiri mashine isimame. Fundi akafungua mlango. Bwana Lebo akalivuta koti lake. Lilikuwa la waridi, sawasawa, bila doa, kazi safi kabisa. Hata Mama Nili asingelitia vizuri zaidi.

Sista Mkuu akavua miwani, akanisogelea. "Wewe," akasema taratibu, "si ndiye wa uji?"

"Ndiye."

"Miaka yote hii nilidhani ulikuwa mkaidi."

"Nilikuwa mkaidi, Sista. Lakini nilikuwa nasoma."

Akahesabu mashuka ya kwenye toroli langu, yote themanini, meupe. Wodi ya watoto ikafunguliwa kesho yake saa tatu kama ilivyopangwa, na upasuaji haukusogezwa hata mmoja. Mablanketi niliyafua mimi, yakiwa peke yake, kwa maji baridi, mara nne, mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia.

Mtihani ulifanyika, usidhani ulifutwa. Ila Sista Mkuu alisema maswali nitayatunga mimi. Nikaweka meza, vitambaa kumi vya rangi, na kitambaa kimoja cheupe. Kila mtu aje, aloweshe, asugue, aseme kipi kifuliwe pamoja na kipi. Mate Sista aliyakataa, akaweka bakuli la maji, hospitali ina aibu zake. Na wa kwanza kusimama mezani, sikumwita, alikuja mwenyewe, alikuwa Bwana Lebo, amevaa koti lake la waridi. Vitambaa vyote kumi alivipatia. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, na ile herufi ya tatu, umesema mnyoo?" Nikamwambia mnyoo. Tangu siku ile hajaniita tena kwa darasa langu, na mimi sijamwita tena kwa cheti chake. Koti lile alilivaa mpaka likachakaa, na ndiye aliyelibandua tangazo la kwanza akaandika lingine, kwa herufi kubwa ili nami nisome: KABLA YA KUSOMA, LOWESHA.

Miaka yangu mitatu niliimaliza mbele ya namba mbili. Siku ya kuaga niliizima kwa mkono wangu mwenyewe, na ilinung'unika kama kawaida yake.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, usifunge daftari ukaenda zako. Nakudai kazi. Chukua neno moja unalojivunia kwamba unalijua. Lipeleke kwa fundi, kwa mkunga, kwa mpishi, kwa yeyote anayelishika kwa mikono, umuulize kwake linasema nini. Jibu uniandikie humuhumu, ukurasa unaofuata, nimekuachia kurasa tupu tisa. Uandike kwa herufi kubwa. Na kabla hujanirudishia, lowesha kidole, usugue pembe ya maandishi yako. Yakitoka, yaandike upya.